Kofia Yangu Nyekundu

Wanafunzi wa Kidato cha Pili wamenisumbua muda mrefu juu ya kofia nyekundu niivaayo siku za Jumamosi tunapokwenda kwenye shamba la shule. Kofia hiyo ina herufi ya W mbele yake, imeandikwa kwa mikunjo, nayo ni ndogo kwa kichwa changu hata hukaa juu kama kifuniko cha birika. Mmoja amesema W hiyo ni ya "Walimu". Mwingine, ambaye jina lake nalijua lakini simtaji, amesema ni herufi ya kwanza ya jina la mchumba wangu wa zamani. Basi Mhariri wa gazeti letu aliponiomba niandike habari yoyote kwa muhula huu, nikaona heri niwaeleze kofia ilikotoka, ili niweze kulima kwa amani.

Ilitoka Washington, mji mkuu wa Marekani. Nilikuwa huko masomoni tangu mwaka wa 2018 mpaka 2020, na W ni alama ya timu ya mji ule ya mchezo wa besiboli. Timu yenyewe huitwa Nationals.

Besiboli ni kama ndugu wa kriketi. Mtu mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, na mwingine husimama na gongo ajaribu kuupiga. Akiupiga vema hukimbia kuzunguka vituo 3 na kurudi pale alipoanzia. Akifika salama timu yake hupata alama 1. Akiupiga ukaruka ukuta ukatoka nje ya uwanja, huzunguka taratibu kama bwana harusi, na kila mwenzake aliyekuwa kituoni hurudi pamoja naye, na wote huhesabiwa. Kila timu hupata zamu 9 za kupiga, na zamu huisha wapigaji 3 wanapotolewa. Hakuna saa ya kumaliza, wala firimbi ya mwisho. Timu inayoongoza haiwezi kupoteza wakati kwa kujiangusha chini na kushika goti, kama tulivyofanya sisi mwaka jana tulipoongoza kwa bao 1 na shule ya jirani. Ni lazima umtoe mtu wa mwisho. Asipotoka huyo, mchezo bado upo. Naomba msomaji aliweke neno hilo akilini, maana habari yangu yote imesimama juu yake.

Mimi sikuujua mchezo huo wala sikuupenda. Nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa mlango katika maktaba ya chuo, ambako nilipata kazi ya jioni ya kurudisha vitabu kwenye rafu. Alikuwa mtu mweusi, mzaliwa wa mji ule ule, mwenye miaka 73. Nilimwita Mzee, na nilipomweleza maana yake alilipenda neno hilo, akawaamuru na wengine pale maktabani wamwite hivyo. Mimi aliniita "kijana". Alikuwa na redio ndogo aliyoiweka kando ya daftari la wageni, sauti yake ikiwa chini sana, na kila usiku wa mchezo nilimkuta ameinamisha sikio kama daktari asikilizaye kifua cha mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe mwaka ule wa 2019 alikuwa mahututi. Baada ya michezo 50 ya mwanzo timu ilikuwa imeshinda 19 na kushindwa 31. Mchezaji wao mwenye sifa kubwa kuliko wote, Bryce Harper, alikuwa amekwenda Philadelphia kwa mkataba wa dola milioni 330. Watu wa mjini walitaka kocha, Dave Martinez, afukuzwe. Mzee hakutaka afukuzwe mtu. Alisema msimu una michezo 162, na mtu anayehukumu katika mchezo wa 50 ni sawa na mtu anayetoka arusini kabla ya chakula.

Ikawa kama alivyosema. Tangu mwisho wa Mei timu ikaanza kushinda. Mwezi wa Juni mchezaji mmoja, Gerardo Parra, akachagua wimbo wa watoto wadogo juu ya papa ndio upigwe uwanjani kila anapokwenda kushika gongo, kwa kuwa binti yake mdogo aliupenda. Na kabla ya miezi mingi kupita, uwanja mzima, mawakili na maofisa wa serikali pamoja nao, wakawa wanafungua na kufunga mikono yao mirefu kama taya la papa. Nilidhani wamerukwa na akili. Walimaliza msimu wakiwa wameshinda 93, wakaingia katika mashindano ya mwisho wa mwaka kwa mlango wa nyuma, yaani kwa mchezo mmoja tu wa kufa na kupona, tarehe 1 Oktoba, dhidi ya Milwaukee. Walikuwa nyuma 3 kwa 1 mpaka zamu ya 8. Ndipo kijana Juan Soto, hajatimiza hata miaka 21, akaupiga mpira, mlinzi wa upande wa kulia akaukosa ukapita, na watu 3 wakarudi. Wakashinda 4 kwa 3. Kisha wakaenda Los Angeles kwa timu iliyokuwa imeshinda michezo 106, nako katika mchezo wa mwisho walikuwa nyuma tena, wakasawazisha, na katika zamu ya 10 Howie Kendrick, mtu wa miaka 36, akaupiga mpira nje ya uwanja wakati vituo vyote 3 vina watu. Wale wa St. Louis waliofuata walishindwa mara 4 mfululizo. Sitakaa hapo.

Mashindano ya mwisho yalikuwa na Houston, timu iliyoshinda michezo 107, ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeipa Washington nafasi mbele yake. Mshindi ni yule atanguliaye kushinda mara 4. Michezo 2 ya kwanza ilichezwa Houston, na Washington ikashinda yote miwili, 5 kwa 4 na 12 kwa 3. Mji ukapata wazimu. Maana sasa ingefuata michezo 3 nyumbani, na haukuwa umechezwa mchezo wa namna hiyo Washington tangu mwaka wa 1933, wala mji haukuwa umelichukua kombe hilo tangu 1924. Watu wakaanza kupanga wapi watasimama kuutazama msafara wa ushindi.

Lakini wapi! Nyumbani walishindwa Ijumaa 4 kwa 1, wakashindwa Jumamosi 8 kwa 1, na Jumapili, tarehe 27 Oktoba, mrushaji wao mkuu, Max Scherzer, akaamka shingo imekaza, hawezi hata kuvaa nguo bila ya kusaidiwa na mkewe. Badala yake akacheza mwingine.

Jumapili hiyo nilikuwa kazini, nami nilikuwa na jambo langu. Ijumaa nilikuwa nimepokea majibu ya mtihani wa takwimu, na sikufaulu. Sitaki kujitetea, ila nataka msomaji ajue nilivyokuwa. Kwa siku 3 nilikuwa nimesukuma kile kigari cha vitabu huku nikifikiri nitaandika nini nyumbani, na kila nikipita mlangoni nilisikia redio ile ikinong'ona, na kila ikinong'ona watu wa Washington walikuwa wanatolewa. Katika zamu ya 8 walikuwa nyuma 5 kwa 1. Nikasimama mbele ya meza. Mzee hakuniangalia, alikuwa ameinama vile vile. Nikanyosha mkono nikaizima redio.

Nikasema, "Imekwisha hii, Mzee. Watu hawa kazi yao ni kushindwa, na wewe kazi yako ni kuwangoja."

Hakunijibu. Aliichukua redio, akavaa koti lake, akatoka nje kwenye ngazi. Kupitia kioo cha mlango nilimwona amesimama penye baridi, redio imeshikwa sikioni, mpaka mtu wa mwisho alipotolewa. Walishindwa 7 kwa 1. Alama 3 tu katika siku 3, na zote mbele ya watu wao. Aliporudi ndani aliandika saa katika daftari lake, kama ilivyokuwa desturi, wala hakuniaga nilipoondoka.

Jumatatu hakusema nami. Mtu ambaye kila siku aliniuliza kama nimekula, aliniitikia salamu kwa kichwa tu, kama mgeni asiye na kitambulisho. Nimepata adhabu nyingi katika maisha yangu, na nyingine katika shule hii hii, lakini ile ya Jumatatu naikumbuka zaidi.

Jumanne, tarehe 29, timu ilikuwa imerudi Houston. Ikishindwa mara 1 zaidi, basi. Nilikisukuma kigari changu kwa kuzunguka mbali, nisipite mlangoni, lakini hata nilipokuwa rafu za mwisho masikio yangu yalikuwa kule. Katika zamu ya 7 nikasikia Mzee amepiga meza kwa ngumi. Nikaenda. Trea Turner alikuwa amekimbia kwenda kituo cha kwanza, mpira ukamgusa, na mwamuzi akamtoa kwa kusema kwamba alimzuia mlinzi kuudaka. Ilikuwa amri ya kuudhi sana. Kocha Martinez alipandwa na hasira hata mwishowe akafukuzwa uwanjani. Lakini kabla hasira haijapoa, Anthony Rendon akaupiga mpira ukapita ukuta, alama 2 zaidi. Mzee akacheka, akaziba mdomo kwa mkono, maana ni maktaba. Kisha, bila ya kunitazama, akaisukuma redio juu ya meza, inchi chache, upande wangu.

Nikavuta kiti. Mrushaji wao, Stephen Strasburg, alidumu mpaka zamu ya 9, na mambo yakaisha 7 kwa 2. Sasa kila timu ilikuwa na ushindi 3, na jambo la ajabu lilikuwa hili: hapakuwa na timu yoyote iliyoshinda kwake. Kila mchezo ulichukuliwa na wageni.

Mzee akafunga daftari. "Kesho nina ruhusa," akasema. "Uwanjani watafungua milango watu watazame kwenye kioo kikubwa. Leta koti la mvua."

Nilishangaa kidogo kwamba mtu aende uwanjani kutazama mchezo unaochezwa mji mwingine, mbali kiasi cha safari ya ndege ya saa 3. Hata hivyo tulipotoka katika treni ya chini ya ardhi Jumatano ile jioni, njia yote kuelekea mto Anacostia ilikuwa nyekundu kwa kofia. Na mvua inanyesha. Kulikuwa na maelfu ya watu wamejifunika mifuko ya plastiki, watoto mabegani mwa baba zao, na mbele yetu majani mabichi ya uwanja uliokuwa mtupu kabisa. Tulikaa tukilitazama pengo lile, na juu yake kioo kikubwa kikituonyesha Houston, mahali pakavu, chini ya paa, watu wao elfu nyingi wamevaa rangi ya machungwa.

Scherzer alikuwa ameponywa shingo kwa sindano, akarusha. Hakurusha vizuri; kila zamu Houston walikuwa na watu vituoni, nasi tulikaa kama watu walioketi juu ya siafu. Lakini ni alama 2 tu walizopata. Shida ilikuwa upande mwingine. Zack Greinke wa Houston alikuwa akituondoa mmoja mmoja bila ya jasho, na mpaka zamu 6 zilipokwisha watu wetu walikuwa wamepata pigo 1 tu la maana. Mbili kwa bila. Baadhi ya watu wakaanza kukunja miavuli yao na kwenda. Miguu yangu ilikuwa imekufa kwa baridi. Nilikuwa na neno mdomoni, nikalimeza.

Mzee akasema, "Uliponizimia redio, unajua nilikumbuka nini?"

Nikasema sijui.

Akanieleza. Utotoni baba yake alimpeleka Griffith Stadium, mahali ambapo siku hizi ni hospitali ya Chuo Kikuu cha Howard. Baba yake alimsimulia juu ya Homestead Grays, timu ya watu weusi iliyocheza pale zamani watu weusi walipokuwa hawaruhusiwi kucheza na weupe, na juu ya Josh Gibson na nguvu za mikono yake. Kisha timu ya mji, Senators, ikahamia Minnesota baada ya msimu wa 1960. Ikaundwa nyingine kwa jina lile lile. Nayo mwaka wa 1971 ikatangazwa kwamba inahamia Texas. Mchezo wake wa mwisho ulikuwa tarehe 30 Septemba, na New York Yankees. Yeye alikuwa na miaka 25, na alikuwepo.

"Tulikuwa tunaongoza 7 kwa 5," akasema. "Zamu ya 9. Wawili wamekwisha kutolewa. Amebaki mmoja. Mmoja tu, kijana. Nasi tukaruka ukuta."

Watu walikuwa na uchungu, timu yao inachukuliwa. Wakaingia uwanjani kwa wingi, wakang'oa vituo, wakachimba majani kwa mikono wapeleke nyumbani kuwa ukumbusho. Waamuzi wakashindwa kuwatoa. Basi mchezo ukavunjwa, na kwa sheria ushindi ukapewa Yankees, 9 kwa 0. Ndivyo ilivyoandikwa vitabuni mpaka leo. Mji ukakaa bila ya timu mpaka mwaka wa 2005, ilipoletwa hii kutoka Montreal, na baba yake hakuishi kuiona.

"Watu husema tajiri yule aliichukua timu yetu," Mzee akasema. "Ni kweli. Lakini mchezo ule hakuuchukua yeye. Niliupoteza mimi. Nilikuwa na majani mkononi."

Sikuwa na la kumjibu. Nami nilifahamu kwa nini alitoka nje na redio yake katika baridi ya Jumapili, kwa mchezo ambao hata mtoto alijua umekwenda.

Katika zamu ya 7 Rendon akapiga, ukatoka nje. Mbili kwa moja. Soto akapewa kituo bila ya kupiga. Houston wakamwondoa Greinke, ambaye alikuwa amerusha mipira 80 tu, wakamleta Will Harris. Nimesikia wataalamu wakibishana mpaka leo kama ilikuwa haki kumwondoa, mimi nawashukuru. Kendrick, yule yule mtu mzima, akaupiga mpira wa Harris kuelekea kulia, chini chini, ukiufuata mpaka. Pembeni mwa uwanja husimama mlingoti mrefu unaotenga ndani na nje, na mpira ukiugusa mlingoti ni halali. Kwa muda wa pumzi moja maelfu ya watu penye mvua walinyamaza. Ukaugusa mlingoti.

Sijui nilimkumbatia nani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyolowa, naye alinipigapiga mgongoni kana kwamba nimepaliwa. Tatu kwa mbili. Waliokuwa wamekunja miavuli wakarudi mbio wakianguka katika maji. Zamu ya 8 ikaleta alama nyingine, na ya 9 mbili zaidi. Sita kwa mbili.

Hata hivyo Mzee hakusimama. Watu wote mbele yetu walisimama, wakaruka, wakafanya taya za papa, naye alikaa pale kwenye kiti chenye maji, mikono juu ya magoti. Mimi niliinama nikimweleza yanayoonekana kwenye kioo, maana alizibwa na migongo. Daniel Hudson alikuwa anarusha. Mmoja akatolewa. Wa pili akatolewa. Mzee akanishika mkono wa koti, akaukamata kweli kweli. Ilikuwa karibu saa 6 usiku. Akaja Michael Brantley na gongo lake. Hudson akarusha, Brantley akapiga hewa.

"Watatu," Mzee akasema, akasimama.

Kelele zilizotoka hapo siwezi kuziandika. Wageni walikuwa wameshinda michezo yote 7, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika mashindano hayo. Watu walilia waziwazi, wanaume wazima. Mzee aliyatazama yale majani mbele yetu, matupu, yanang'aa kwa mvua na taa. Upande wetu sikuona mtu aliyevuka ukuta. Aliyatazama kwa muda mrefu. Kisha akainua mikono yake miwili, mmoja juu na mmoja chini, akafanya papa, polepole, kwa sababu ya bega lake bovu.

Tulipokuwa tukisukumwa na watu kuelekea treni nilimwambia, "Mzee, nisamehe habari ya redio."

Akasema, "Redio gani?"

Jumamosi tarehe 2 Novemba tuliutazama msafara ukipita Constitution Avenue, na Mzee alikuwa amepotewa na sauti. Muhula uliofuata nilirudia mtihani wa takwimu, nikaupita kwa alama chache tu za ziada. Mwezi wa Machi 2020 maktaba ikafungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, nami nikarudi nyumbani bila ya kumwaga uso kwa uso. Tumesemezana kwa simu mara nyingi. Rendon aliondoka mwaka ule ule waliposhinda, Soto naye akauzwa San Diego mwaka wa 2022, na katika miaka iliyofuata ushindi timu ilishindwa zaidi kuliko ilivyoshinda. Mzee hunihesabia mchezo kwa mchezo kana kwamba nimelipia tiketi.

Kofia alinivika usiku ule ule wa mvua, ndani ya treni. Ilikuwa ya mjukuu wake, aliichukua nyumbani akiwa na haraka. Nilimwambia ni ndogo. Akasema ikikauka itapanuka. Mpaka leo haijapanuka.